Mkono wa Shoto Kwenye Nembo

Kila Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, Bi Mwatima alijitanda kanga yake, akatoka kijijini kwa miguu mpaka ofisi ya wilaya, akasimama ng'ambo ya barabara. Hakuingia wala hakupiga hodi. Alisimama tu, kichwa kakiinua, akitazama juu ya mlango huku midomo ikimchezacheza, kisha akajipangusa uso kwa ncha ya kanga na kurudi alikotoka.

Mkubwa, askari wa mlangoni, alidhani ana shauri la kiwanja. Si kosa lake. Siku hizi ukimuona mtu mzima wa pwani kasimama mbele ya ofisi ya serikali anaangalia juu, basi ama kiwanja chake kimeuzwa bila yeye kujua, ama kakiuza mwenyewe na sasa anajuta. Ijumaa moja akavuka barabara kumfuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kama una shitaka ingia ndani. Nitakupitisha mwenyewe, hutokaa foleni."

"Sina shitaka, baba. Naangalia nembo."

Mkubwa naye akageuka akaiangalia. Alikuwa akipita chini yake kila siku ya Mungu na hajapata kuinua kichwa. Wilaya yenyewe sitoitaja, maana wenyewe wapo na hasira zao ziko karibu, lakini nembo yao nitakwambieni ilivyokuwa. Ilikuwa ngao ya mbao ya msaji, kubwa kama meza, imechongwa na fundi wa nakshi kutoka Mji Mkongwe. Juu, jua linachomoza baharini. Upande mmoja pomboo anaruka, upande wa pili kima punju kashika tawi, mkia unaning'inia. Na katikati, kutoka kwenye mawimbi, mkono wa mtu umeinuka na fungu la mwani.

"Nzuri," akasema Mkubwa.

"Nzuri," akasema Bi Mwatima.

Ijumaa iliyofuata Mkubwa alimtolea kiti, akakiweka kivulini. Hakumuuliza tena. Kuna vijana bado wana adabu, msiwatukane wote.

Sasa, jua na pomboo havikumhusu Bi Mwatima, na yule kima ndiyo kabisa, maana kima ndio waliokuwa wakimmalizia majani ya muhogo shambani. Alikuwa akiuangalia mkono. Mkono ule ulikuwa wa mwanawe, Yusra.

Yusra alizaliwa na shoto. Bibi yake mzaa baba, Bi Zeyana, Mungu amrehemu huko aliko, alikuwa mwanamke asiyependa mjadala. Siku alipomuona mtoto anapokea kipande cha mkate kwa kushoto, alichana kanga kuukuu, akaufunga mkono ule ubavuni ukagandana na mbavu. "Sitaki mjukuu wa kula na shetani," akasema, na ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Wengi wa pwani ile walifungwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwatima alikuwa mkamwana tu, hana kauli mle ndani. Lakini alikuwa na ujanja wake. Mama mkwe akishika njia ya shamba, yeye humfungua mtoto, akamwacha acheze anavyotaka. Akisikia ndara zinakuja uani humfunga tena, legelege, akampigia jicho anyamaze. "Mkono kakupa Mungu," akimnong'oneza, "hauna kosa lolote." Akamfunza kula kwa kulia, kuamkia kwa kulia, kupokea kitu cha mtu kwa kulia. Kazi akaiachia shoto.

Siku moja Mwatima alikuwa kisimani, mtoto kabaki nyumbani kafungwa, mtoto akajikwaa kizingitini. Hakuwa na mkono wa kujizuilia. Aliuangukia ule ule uliofungwa, kidole cha mwisho kikavunjika, kikaja kuunga kombo, kimepinda kwa nje kama kimeudhiwa na wenziwe. Toka siku hiyo Bi Zeyana hakumfunga tena. Hakusema samahani pia, watu wa namna ile hawakuijua, ila alikuwa akimwekea Yusra ukoko wa wali mpaka alipokufa.

Yusra akakua, akaingia kwenye mwani pamoja na mama yake. Maji yakishatoka wanawake huteremka pwani na kamba zao, wakafunga vichipukizi kwa vikamba vidogo, taitai wanaviita, kimoja kimoja, mgongo umeinama, jua la kichwani. Wenziwe walifunga. Yusra alikuwa kama anapiga kinanda. Mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi, kile kidole kombo kikibana kamba mahali ambapo vidole vya watu vinateleza, akamaliza kamba yake na kuanza ya mama yake. "Kilema kina dawa," wenziwe wakimtania. "Na nyie kavunjeni vyenu," akiwajibu.

Ndipo akaja Ubwa, fundi wa nakshi kutoka mjini. Halmashauri ilimpa kazi ya kuchonga nembo, na mtu mwenyewe hakutaka kuchora bahari akiwa chumbani. Akakaa pwani na penseli yake, suruali kakunja, ngozi inamwiva kwa jua. Akawa anamtazama Yusra, anafuta, anachora tena.

"Kaka wa mjini, unatuchora au unatuhesabu?" Yusra akamwita.

"Nauchora mkono wako, lakini haukai."

"Hautokaa, una kazi. Chora hivyo hivyo, na kidole changu kombo ukitie. Usinitilie kidole cha kuazima."

"Na uso?"

"Uso una mwenyewe, ee! Chukua mkono, tena ndio unaoleta chakula."

Wanawake wote wakaangua kicheko, na Mwatima akacheka mpaka akakaa kwenye maji. Alikuja kukikumbuka kicheko kile kwa uchungu, kwa sababu hakupata tena kucheka namna ile.

Maji ya ufukweni yalikuwa yanapata moto siku zile. Mwani mnene, ule wenye thamani, ulianza kuoza kwenye kamba, ukiushika unakatika. Wanawake wakaambizana wasogee kwenye maji ya kina, kuna ubaridi. Wakasogea. Watu wa pwani, wamezaliwa na bahari mlangoni, lakini waulize ni wangapi kati ya wanawake wale wanajua kuogelea. Hakuna aliyewauliza.

Asubuhi ile Mwatima hakwenda, goti lilikuwa linamuuma. Yusra alikwenda na Thuwaiba, shoga yake wa tangu chuo cha Kurani. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, kamba ya Yusra ikakatika kigingini na kuelea. Akairudia. Thuwaiba akamwita, "Iache, maji yanajaa!" Yusra akasema anakuja. Kumbe pale palikuwa na mkondo.

"Nliuona mkono, Bi Mwatima," Thuwaiba akasema, amekaa mlangoni na nguo zinamchuruzika. "Mkono tu, umeinuka. Nkaukimbilia, maji yakanfika shingoni. Nkaangalia tena, haupo."

Wanaume walimtafuta na mashua mpaka kwenye mwamba na nje ya mwamba, leo na kesho na keshokutwa. Bahari haikumtoa. Akasaliwa msikitini bila jeneza, watu wakala hitima, wakaondoka mmoja mmoja wakisema maneno yanayosemwa. Mwatima akabaki anaizunguka nyumba. Mwenye kaburi ana pa kwenda. Humwagia mwanawe maji, akang'oa majani, akakaa kitako akalia, akaondoka. Yeye alikuwa na bahari nzima, hajui aelekee upande gani kumsomea mwanawe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliomwambia "subira, Bi Mwatima" walirudi kwao wakalala.

Siku ya kuzindua nembo Thuwaiba alimtoa ndani kwa kumburura. "Twende ukaone watu. Utakufa na hizi kuta." Uwanja ulikuwa umejaa, beni inapiga, watoto wa skuli wamepangwa juani. Bwana Mmanga, ofisa utamaduni, mtu mpole mwenye miwani na sauti ya redioni, akashika kipaza sauti, shuka ikavutwa, akaanza kufasiri. Jua ni matumaini mapya. Pomboo ni wageni wetu na ukarimu. Kima punju ni misitu tuliyopewa amana.

"Na mkono huu," akasema, "ni juhudi ya mwananchi, anayeinua neema kutoka baharini!"

Watu wakapiga makofi. Mwatima alikuwa ameshakiona kidole. Akamvuta Thuwaiba kwa kanga.

"Thuwaiba. Unauona?"

"Nauona, Bi Mwatima."

Uwanja mzima uliona mkono unaovuna. Wao wawili waliona mkono unaotaka kushikwa. Ubwa aliuchora Yusra akiwa hai, anacheka, na hakujua anachora nini. Lakini pale ulipo, mawimbi hapa na kifundo cha mkono hapa, ndivyo Thuwaiba alivyouona mara ya mwisho.

"Usimwambie mtu," Mwatima akasema. "Wakijua ni wa kwangu watautia maneno."

Akaanza kwenda Ijumaa. Akisimama pale humsomea Fatiha, akamwambia habari za nyumbani, paka kazaa, Thuwaiba kaposwa, goti langu vile vile. Akirudi nyumbani analala usingizi, jambo ambalo lilikuwa limemkimbia. Hakutaka kingine chochote duniani. Mkono ule ukae pale, na yeye awe na miguu ya kuufikia.

Lakini watu wana macho, na wilaya ya jirani ina watu wenye midomo. Ilikuwa siku ya mpira. Vijana wa jirani walikuja kucheza, na kabla ya kipenga wakapanga mstari kuwaamkia wenyeji, wote, kutoka kipa mpaka wa akiba, wakanyoosha mkono wa kushoto.

"Alaa! Mnatutukana?" nahodha wa wenyeji akauliza.

"Haa, si ndiyo salamu ya kwenu? Tumeiona juu ya mlango wa ofisi."

Uwanja ukaripuka. Mpira haukumalizika siku ile, ukageuka ngumi. Kufika Magharibi simu zote zilikuwa zimejaa picha, hii nembo imewekwa kwenye sahani ya biriani, hii imewekwa chooni na kopo la maji, na maneno chini yake siyarudii, mna watoto. Watu wazima waliokuwa hawajui kama wilaya ina nembo sasa walikuwa na uchungu nayo. Mkono wa kushoto! Tumetiwa aibu! Nani kachora? Nani kapitisha?

"Bibi," Mkubwa akamwambia Ijumaa iliyofuata, akiwa kakishikilia kiti hakiweki chini, "nembo yako wanaibadili. Mkono huo wanataka uwe wa kulia. Walijaribu kuigeuza kwenye kompyuta, jina la wilaya lililo chini nalo likageuka likasomeka kinyumenyume. Sasa kaitwa fundi."

Bi Mwatima hakukaa. Aliuangalia mkono, akamwangalia Mkubwa, akasema, "Fundi yuko wapi?"

Karakana ya Ubwa ilikuwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Bi Mwatima aliuliza njia kila kona mpaka akasikia nyundo. Ubwa alikuwa kauinamia ubao wa mlango. Alipoinua kichwa alimtambua mara moja, uso ukamchangamka.

"Shikamoo, mama! Karibu, karibu. Dada yule hajambo? Mwambie kidole chake nlikitia. Walitaka nikinyoshe, nkakataa katakata."

Bi Mwatima alikaa kwenye kigoda. Alikuwa kajipanga kwa maneno njia nzima, yote yakampotea.

"Yusra hayupo, mwanangu. Bahari ilimchukua, na haikumrudisha. Kimebaki hicho kidole chako."

Ubwa akaiweka patasi chini taratibu. Alikaa vumbi la mbao limemtanda nyusini, kisha akainama machozi yakamtoka hivi hivi mbele yake. Bi Mwatima alimwacha. Alikuwa hajapata kuona mtu mwingine akimlilia Yusra kwa muda mrefu, na likamfanyia wema fulani moyoni.

"Wameniita, ni kweli," Ubwa akasema mwisho. "Nikikataa watamleta mwengine na shoka. Lakini mama, hawajui. Mimi mwenyewe nlikuwa sijui. Nenda kwenye kikao cha halmashauri ukawambie. Nani atasikia habari hii aseme badilisheni?"

"Nilikuwa nimenyamaza."

"Usinyamaze. Wambie."

Alimshauri kwa nia safi kabisa, na Bi Mwatima akamsikiliza. Mimi ningekuwepo ningemwambia rudi nyumbani, mama, nyamaza vile vile. Lakini nani aliniuliza?

Kikao kilikuwa ukumbini, mapangaboi yanazunguka na upepo haufiki. Mjumbe mmoja alikuwa bado hasadiki kama mkono ni wa kushoto, basi wajumbe wote wakainua mikono yao mbele ya nyuso, wakaigeuza huku na huku kutafuta dole gumba linakaa wapi, huyu akapata kulia, mwenziwe kushoto, wakaanza kubishana watu wazima na mikono hewani. Ungewaona ungecheka.

"Ni wa kushoto," akasema Bi Mwatima kutoka viti vya nyuma. "Msijisumbue. Ni wa mwanangu."

Mikono ikashuka. Bwana Mmanga akamwomba asogee mbele, akampa kiti. Hakukaa. Akawasimulia kanga ya Bi Zeyana na kidole, mwani na mkondo, na mkono aliouona Thuwaiba.

"Mimi sina kaburi," akasema. "Nyote hapa mna makaburi ya wenu. Mimi niliambiwa bahari ile pale, kamsomee. Bahari yote ile nimsomee wapi? Nilipouona mkono wake juu ya mlango nilisema alhamdulillahi, nimeoneshwa pa kusimama. Wanaocheka watachoka. Niachieni mkono wa mwanangu. Sitowaomba kitu kingine mpaka nife."

Kina mama wawili watatu wakavuta kanga zao usoni. Bwana Mmanga alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Pale, kwa dakika ile, Bi Mwatima alikuwa ameshashinda, na kila mtu alijua.

Shekhe Matar, mjumbe wa heshima, akakohoa. Sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Bi Mwatima. Umesema unamsomea Fatiha pale."

"Naam, shekhe."

"Umesimama mbele ya ile nembo."

"Naam. Lakini siuombi ubao. Namwomba Mungu."

"Nnajua, na Mungu anajua. Lakini mpita njia hajui. Leo wewe, kesho ataleta mwengine ubani, keshokutwa mwengine na mshumaa. Mambo haya ndivyo yanavyoanza."

Hajamaliza, mjumbe wa pembeni kasimama. "Ngojeni kwanza. Yaani ule ni mkono wa maiti? Tumeuning'iniza mlangoni na tunapita chini yake kila siku? Ndiyo maana mwani mwaka huu hauoti! Nuksi hiyo!"

Lahaula. Ukumbi ukavurugika. Aliyekuwa akilia akaacha kulia akaanza kuhesabu mikosi iliyompata tangu nembo itundikwe, huyu ng'ombe, huyu mashine ya boti, huyu talaka ya bintiye. Bi Mwatima alisimama katikati yao akisema, "Sikilizeni, jamani, sikilizeni," na hakuna aliyemsikiliza. Walioingia mle kutaka kuugeuza mkono sasa wakataka kuuondoa. Mdomo huponza kichwa, walisema wakubwa. Safari hii uliponza mkono.

Ikapitishwa hivyo. Mwani ubaki, mkono utoke.

Bwana Mmanga alimfuata mpaka nje, anatweta. "Nisamehe, Bi Mwatima. Wallahi nliingia na nia ya kuugeuza tu."

"Ningenyamaza, kidole kingebaki," akasema Bi Mwatima. Hakumwambia kwa ubaya. Alikuwa akijiambia mwenyewe, na aliendelea kujiambia njia nzima.

Siku ya kazi yenyewe Mkubwa alimpelekea habari. Nembo ilikuwa imeshushwa, imelazwa barazani, Ubwa kapiga magoti pembeni na patasi zake, macho mekundu. Alikubali kuifanya mwenyewe ili asije mtu wa shoka. Alipomuona Bi Mwatima anapanda ngazi alisimama.

"Mama, nenda nyumbani. Usitazame."

"Yusra kafa sipo," akasema Bi Mwatima. "Leo nipo."

Akajitandua kanga ya juu, akaitandika chini ya ukingo wa ubao, akakaa. Kwa karibu aliuona mkono kama hajapata kuuona, mishipa ya mgongoni, kucha fupi, mpaka mkunjo wa kiungo Ubwa hakuuacha. Akaweka kiganja chake juu yake. Ulikuwa na joto la jua. Akakaa hivyo mpaka akaona fundi anamngojea, akakiondoa.

Ubwa alianzia kwenye kifundo. Alipiga nyundo polepole, na kila pigo Bi Mwatima alifumba macho na kuyafumbua. Vikatoka vipande vya mgongo wa mkono, kisha dole gumba, kisha vidole kimoja kimoja, vikianguka kwenye kanga. Watu wa ofisini walichungulia madirishani wakajirudisha. Mkubwa aliwapa mgongo, akawa anaangalia barabara isiyokuwa na gari. Kidole cha mwisho Ubwa alikiacha mpaka mwisho. Alibadili patasi, akachukua ile nyembamba kabisa, akakiingilia kwa chini taratibu, taratibu, kikabanduka kizima na kombo lake. Hakukiacha kianguke. Alikishika, akampa mkononi.

Kisha akapiga msasa, akapaka vanishi. Nembo ikapandishwa. Jua lilikuwepo, pomboo na kima walikuwepo, na mwani ulikuwa juu ya mawimbi, haukushikwa na kitu. Bwana Mmanga alitoka nje, akaiangalia, akajaribu maneno mapya kwa sauti ya chini ili ayazoee. "Mwani huu ni neema, inayotoka yenyewe baharini."

"Hautoki wenyewe, mwanangu," akasema Bi Mwatima. "Mtu huufuata."

Bi Mwatima aliikung'uta kanga yake, vipande vingine akaviacha barazani, akavuka barabara. Kiti kilikuwa pale pale kivulini ijapokuwa haikuwa Ijumaa. Akakaa, goti likimuuma, akakunjua pindo la kanga mapajani, akakiweka kile kidole katikati. Alikiangalia. Alitaka kumsomea Fatiha kama kawaida, badala yake kikaja kilio, kilio kikubwa cha sauti, kile ambacho siku ya msiba walimkataza wakamwambia subira. Mkubwa alisimama karibu yake, hamgusi.

Alipotulia alilikusanya pindo juu ya kidole, akalikunja na kulizungusha.

"Bibi yako alikuwa wa kukufunga, mimi nilikuwa wa kukufungua," akasema. "Leo nakufunga mwenyewe. Nisamehe, mwanangu. Nikikuacha wazi utanipotea tena."

Akalikaza fundo kwa meno, akainuka, akashika njia ya kwao.